Bomba la Upepo

Mjomba wangu hupaka magari rangi katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yake, Nateete. Alitaka kulaza bomba la upepo kutoka kwenye kompresa, akachagua la plastiki kwa kuwa ni rahisi na huungwa kwa gundi tu. "Linabeba maji, litashindwaje na upepo?" aliuliza.

Nilimjibu kwa adabu kwamba maji hayabaniki. Bomba la maji likipasuka, nguvu huisha papo hapo. Bali upepo uliobanwa ratili 120 kwa kila inchi ya mraba ni kama upinde uliovutwa: plastiki ikivunjika, vipande huruka kama visu. Jua, joto na mafuta ya kompresa huzidi kuidhoofisha. Mwaka 1988 wakuu wa usalama kazini huko Marekani walitoa onyo juu ya jambo hilo.

Tena bomba lile lingepita juu ya mahali wanapocheza watoto wake. Mjomba alinyamaza, kisha akanunua la chuma, nusu ya urefu aliotaka. Panapobaki hutumia mpira wa upepo. Tulililaza kwa mteremko, na mwishoni tukatia koki ya kutolea maji.

Ndugu zangu mpendao ufundi, kabla ya kuuliza bei ya bomba, ulizeni limetengenezwa kwa kazi gani.