Chupa Tupu na Kadi ya Pointi: Safari ya Mteja Mgeni Kuelekea Bonn

Mgeni atokaye Afrika Mashariki kwenda kuishi Bonn, mji ulio kando ya mto Rhein ambako Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ina makao yake, mara nyingi hushukia Frankfurt, na kabla hajapanda treni ya kwenda Siegburg hugundua kwamba chupa ya maji aliyoichukua rafuni imeongezwa senti 25 kwenye kaunta. Nyongeza hiyo ni amana, yaani fedha ambayo mnunuzi huiacha na kurejeshewa arudishapo chombo kitupu, na ndiyo iliyowekwa kisheria tangu Januari 2003 kwa vyombo vya kutumika mara moja, ilhali chupa ya kawaida ya bia, ambayo huoshwa na kujazwa tena, hutozwa senti 8. Aliyezoea kuacha pesa ya chupa kwa Mangi, yaani mwenye duka la mtaani, ili aondoke na soda hatashangazwa na utaratibu huo, ila huku anayepokea chupa ni mashine.

Akishafika Bonn kutoka Siegburg kwa tramu namba 66 na kuanza maisha, mgeni huikuta mashine hiyo ndani ya supamaketi, ikiwa na tundu la mviringo ambamo chupa huingizwa kwa kitako na kuzungushwa mpaka alama yake isomwe. Iliyochanika lebo hutemwa bila maelezo, na zilizokubaliwa hujumlishwa kwenye karatasi ndogo ambayo hupelekwa kwa keshia pamoja na manunuzi. Wenyeji wengi huacha chupa zao kando ya mapipa ya taka barabarani ili wanaoziokota wasilazimike kuchakura, ustaarabu ambao hakuna sheria iliyouagiza.

Kwa keshia huyohuyo ndipo mgeni huulizwa kama ana kadi ya Payback, mpango wa pointi ulioanzishwa mwaka 2000. Kadi za namna hiyo zilipata uwanja mpana baada ya mwaka 2001, ilipofutwa sheria ya punguzo ya mwaka 1933, ambayo haikumruhusu muuzaji kumpunguzia mlaji zaidi ya asilimia 3 kwa malipo ya taslimu. Pointi moja ni sawa na senti moja, na katika maduka ambayo hutoa pointi moja kwa kila euro mbili, manunuzi ya euro 100 humletea mteja senti 50, yaani amana ya chupa mbili za plastiki, naye kwa malipo hayo huwa ameacha kumbukumbu ya kila alichonunua.

Faida nono zaidi haihitaji kadi. Anunuaye viatu kwa njia ya intaneti ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, kwa mujibu wa sheria za Umoja wa Ulaya, ingawa gharama ya kuvirudisha inaweza kuwa yake. Anunuaye dukani hana haki hiyo kama kiatu ni kizima na amebadili nia tu, lakini kikiwa na kasoro tangu mwanzo, muuzaji huwajibika kwa miaka miwili. Kwa hiyo mgeni mwenye kipato kidogo atanufaika zaidi akitunza risiti zake kuliko akijaza fomu ya kadi.