Mgonjwa wa Sukari na Mboga Zake

Neno "mboga" katika lugha yetu lina upana mkubwa. Hapa Mutarule, na pote katika bonde la Ruzizi, mboga ni kila kitu kinachosindikiza ugali. Sombe ni mboga, ndagala ni mboga, maharagwe ni mboga, na hata nyama ya siku ya Noeli twaiita mboga. Ugali ndio chakula. Mtu aliyeshiba samaki pasipo ugali husema kwamba hajala bado.

Siku hizi ugonjwa wa sukari umeingia katika nyumba zetu. Mgonjwa huambiwa, "Kula mboga," naye huitikia, akaenda zake. Lakini ameelewa nini?

Twamjua baba mmoja, jirani yetu. Alipimwa damu asubuhi kabla ya kula, ikaonekana sukari imepita miligramu 200 katika desilita moja, na hali kiasi cha 126, kikithibitishwa kwa kupima tena, chatosha kuuita ugonjwa. Akaambiwa ale mboga. Basi akala viazi vitamu asubuhi, ndizi za kupika mchana, na jioni ugali ule ule wa mihogo pamoja na kijiko cha sombe pembeni. Kidonda cha mguuni hakikupona. "Mwalimu," alituambia, "mimi nala vitokavyo shambani tu." Alisema kweli, ila vitokavyo shambani si vya namna moja.

Mihogo, viazi, ndizi za kupika, mahindi na mchele ni vyakula vya wanga. Vikifika tumboni, wanga hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Kwa mtu mzima wa afya, kongosho hutoa insulini, nayo huiingiza sukari hiyo katika viungo vya mwili. Kwa mgonjwa, insulini haitoshi, au mwili hauitii. Sukari hubaki katika damu, ikaharibu polepole macho, figo, mishipa na miguu.

Mboga za majani ni kitu kingine. Zina wanga kidogo sana, maji mengi, na nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuiyeyusha. Usidhani kwamba ni takataka. Zikichanganyika na chakula huichelewesha sukari kuingia katika damu. Kisha hushuka mpaka utumbo mpana, ambako vijidudu wema wasiohesabika huzila na kutengeneza vitu vinavyolisha ngozi ya ndani ya utumbo. Choo nacho huwa laini. Hivyo mboga ile ile hutumikia damu na matumbo pamoja.

Mambo haya yaliangaliwa sana katika Afrika yetu ya Mashariki. Daktari Hugh Trowell alitibu watu wa Kenya na Uganda karibu miaka 30. Mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946. Wote wawili walifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Waliona kwamba maradhi mengi yaliyowasumbua Wazungu kwao yalikuwa haba miongoni mwa wakulima wa hapa, waliokula vyakula visivyokobolewa, vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mwaka 1975 walitoa kitabu pamoja juu ya jambo hilo. Kumbe chakula cha bibi zetu, ambacho baadhi yetu twakionea haya mbele ya wageni, kilikuwa somo kwa waganga wa dunia!

Basi mgonjwa achague namna gani? Aigawe sahani yake. Nusu nzima iwe lengalenga, matembele, sombe, majani ya maboga, kabichi, bilinganya, bamia, nyanya au nyanya chungu. Robo moja iwe maharagwe, ndagala au samaki mwingine. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, au wali, au viazi. Kimoja tu, wala si vyote. Tena aanze kwa mboga, ugali ufuate, maana kwa mpango huo sukari hupanda kwa upole zaidi.

Sombe yataka uangalifu. Majani ya muhogo yana sumu, hivyo sharti yatwangwe vema na kuchemshwa muda mrefu. Mafuta ya mawese yawe kijiko, yasiwe bahari. Mboga mbichi nazo zina hatari yake, kwa kuwa kipindupindu chajulikana sana Uvira na kandokando ya ziwa. Afadhali mboga iliyopikwa. Anayetaka nyanya mbichi aioshe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa.

Asiyezoea nyuzinyuzi asizijaze tumboni siku moja, atavimbiwa. Aongeze kidogo kidogo, anywe maji ya kutosha, na maharagwe ayaloweke usiku kucha, kisha amwage maji yale kabla ya kupika.

Tena tuseme wazi: majani hayachukui nafasi ya dawa. Wako wanaokunywa mubirizi kwa sababu ni mchungu, wakidhani uchungu hufukuza utamu, wakaacha vidonge au sindano. Hiyo ni njia ya kaburini. Na mwenye kutumia dawa asipunguze ugali ghafula bila kumwarifu muuguzi wake, maana sukari yaweza kushuka mno, akatetemeka, akatokwa jasho na kuzimia.

Wengine watasema, "Mboga za nusu sahani zitatoka wapi?" Swali hili si la mzaha. Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa hapa Mutarule, na wengi wakayaacha mashamba yao. Mtu akimbiaye huweza kujitwika gunia la unga, hawezi kujitwika bustani. Ndiyo maana vita hutunyang'anya mboga kwanza. Lakini mbegu za lengalenga zaweza kufungwa katika pembe ya kitenge, na zikipandwa nyuma ya nyumba huchumwa baada ya majuma kama manne. Mwenye nyumba asikose tuta lake, hata kama ni dogo.

Liko na jambo la moyo. Baba wa nyumba akiletewa ugali mdogo hujiona amedharauliwa, na mama aliyeupika huogopa maneno ya wakwe. Hapo ndipo wagonjwa wengi hushindwa. Twashauri mama asipike vyungu viwili, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha wazima. Nyumba nzima ile sahani hiyo hiyo. Itawafaa watoto pia, na baba hatakula peke yake kama mfungwa.

Twamkumbuka Danieli na wenzake kule Babeli. Hawakumwambia msimamizi, "Utuamini tu." Walimwomba awape mboga na maji kwa muda wa siku kumi, kisha aangalie nyuso zao mwenyewe. Jirani yetu alifanya vivyo hivyo. Alimweleza muuguzi, mke wake akaipanga sahani, akarudi kupimwa. Sukari ilikuwa imeanza kushuka. Haijafika inapotakiwa, naye angali anameza vidonge vyake na kuosha kidonda kila siku.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani mwako yuko mgonjwa wa namna hii, usingoje mguu uoze. Jioni ya leo umpakulie mboga kwanza, ugali baadaye, na wote mle pamoja naye. Mwili ni amana ya Mungu, na kuutunza ni sehemu ya kumshukuru.