Mlikuwa Wangapi?

Mvuvi aliyemrudisha binti wa mwaka wa kwanza alikuja na ngalawa, tanga lake limejaa viraka, jua likikaribia kuzama. Alimshika yule binti mkono akamshusha kwenye maji ya magoti, akamwambia, "Taratibu, mwanangu." Kisha akanigeukia mimi.

"Kijana, mlikuwa wangapi?"

Nilikuwa katibu wa chama cha wanafunzi wa idara yetu, mwaka wa pili chuoni. Daftari la chama lilikuwa kwapani. Nikafungua mdomo, nikaufumba. Sikujua tulikuwa wangapi. Dakika tano kabla ya hapo sikujua hata kwamba kuna mtu tumemwacha baharini.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, kwenye harusi za tuliosoma pamoja na kwenye meza za chakula cha mchana kazini, na siku zote nimekisimulia kama habari ya mtu aliyeokolewa. Watu humshukuru Mungu, mazungumzo yakaendelea. Sehemu ninayoiruka kila mara ni ya Jumatatu iliyofuata, nilipokaa mbele ya kompyuta. Hiyo ndiyo nataka kuisema leo, lakini haitaeleweka bila ya Jumamosi.

Safari ilikuwa ya kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza. Bumu, fedha yetu ya mkopo, lilikuwa limetoka, michango ikapatikana kwa siku mbili, tukakodi boti Kunduchi. Tulikwenda kwenye mojawapo ya sehemu nne za bahari zilizotengwa kuwa hifadhi mwaka 1975: Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini. Waliolipa kwangu walikuwa 43. Asubuhi ile, pale ufukweni, wakatokea wengine: mchumba wa fulani, binamu wa fulani, jamaa wa kozi nyingine waliosikia kuna pikiniki. Mwenyekiti akasema wapande tu, wamlipe mhazini hapo hapo. Nikamwona mhazini akipokea noti na kuzitia mfukoni. Kalamu ninayo, daftari ninalo. Sikuandika jina hata moja.

Wala hatukuwa watu wasiojua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, wengi wetu tulikuwa sekondari, tukasimamishwa mstarini kuwaombea marehemu. Meli ile ilikuwa imebeba watu kupita kiasi chake mno, na kwa kuwa hapakuwa na orodha ya kuaminika, idadi ya waliokufa ikabaki ya kubishaniwa. Haikupita hata mwaka, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Sote tulijua maana ya kusafiri majini bila orodha. Tulijua kama watu wanavyojua mambo ya redioni, mambo ya watu wengine.

Bahari yenyewe sikuijua. Mimi ni mtu wa Singida. Maji niliyokulia nayo ni ya Kindai na Singidani, maziwa yanayokaa mahali pake. Sikujua kwamba pwani ya Dar es Salaam maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, wala kwamba siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Tulikwenda siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Maji yalikupwa kabisa mnamo saa tano asubuhi, mwamba ukabaki wazi, na sisi tukaufurahia kama uwanja uliotandikwa kwa ajili yetu.

Kuna jambo jingine ambalo mtoto wa pwani angetuambia kama tungeuliza. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huongezeka kidogo sana, na mtu hujidanganya kwamba bado kumekupwa. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokuja kwa nguvu. Nusu ya kina chote huingia katika saa hizo mbili. Kwa siku kama ile, ni mita moja na nusu kati ya saa saba na saa tisa mchana. Hicho ni kimo cha mabega yangu.

Sasa ubatizo. Tuliuita hivyo, ingawa hapakuwa na dini ndani yake. Mwaka uliotangulia nilibatizwa mimi: niliamshwa saa nane usiku, nikamwagiwa ndoo ya maji ya kufulia, nikaimbishwa hadi sauti ikakauka. Niliumia, na nikajiambia ndivyo watu wanavyopendana chuoni. Mwaka wetu mwenyekiti alibuni jambo lililoonekana la upole zaidi. Mbali kidogo, kuelekea ncha ya kisiwa, palikuwa na jabali limesimama juu ya mwamba mtupu. Kila mgeni aende peke yake, aliguse, arudi na jiwe. Asiyekwenda angeosha vyombo vya pilau vya watu wote huku akizomewa.

Yule binti alikuwa karibu wa mwisho. Ilikuwa imeshapita saa sita. Hakumwendea mwenyekiti, ambaye alikuwa ameshakunywa. Alikuja kwangu, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyemwandikisha siku ya kwanza. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, mimi sijui kuogelea."

Nikamjibu, "Pale hakuna maji, dada. Nenda tu, usituangushe."

Na kweli, kwa saa ile maji hayakuwepo. Nimejishikiza kwenye ukweli huo kwa miaka mingi. Lakini binti alikuwa ameniambia anaogopa, na mimi nilikuwa kiongozi wake. Karatasi za mitihani iliyopita nilizigawa mimi. Majina ya waliopata nafasi za mafunzo kwa vitendo kupitia chama yalipita mkononi mwangu. Mtu wa wiki ya tatu chuoni atamkataliaje mtu kama huyo? Hakuwa na pa kukatalia. Nilipomwambia aende, nilimtuma.

Aliteleza karibu na jabali, matumbawe yakamchana unyayo. Akakaa upande wa pili, kwenye kivuli, akifunga kidonda kwa kitambaa cha kichwani, akingoja damu ikatike. Huku nyuma pilau ikaiva, muziki ukafunguliwa, ubatizo ukasahaulika. Mwamba wa pwani mara nyingi huwa juu zaidi upande wa baharini na chini upande wa nchi kavu, kwa hiyo maji yanapojaa hutangulia kuziba njia ya kurudi. Aliposimama ili arudi, kati yake na ufukwe tayari palikuwa na mkondo. Alipiga kelele. Spika yetu ilikuwa kubwa.

Saa tisa wingu zito likapanda kutoka kusini na manahodha wakatuhimiza. Kila mtu alikimbilia boti iliyokuwa karibu naye. Mwenzake wa chumbani alidhani yuko na wasichana wa kozi yao. Wasichana wa kozi yao walidhani yuko na mwenzake. Sikuita jina hata moja. Nilikuwa nabishana na nahodha juu ya hela iliyobaki, na ubishi huo ndio uliofanya niwe bado ufukweni Kunduchi, wenzangu wengi wakiwa wameshapanda daladala, ngalawa ilipotia nanga. Yule mzee alimkuta maji yakiwa kiunoni, amekumbatia jabali kwa mikono miwili. Hakudai chochote. Aliuliza swali lake, akangoja jibu, alipoona halipo akatikisa kichwa na kuondoka.

Muuguzi wa zahanati ya chuo alitaka kujua kidonda kimetokana na nini, na habari ikafika kwa mshauri wa wanafunzi. Tukaambiwa ifikapo Jumatatu saa nane tulete taarifa na orodha ya waliosafiri. Jumapili usiku tukakutana watatu, mwenyekiti, mhazini na mimi. Mwenyekiti alisema, "Tukisema yote, chama kinafutwa." Hakuna aliyeuliza kama chama kilichomwacha mtu mwambani kinastahili kuendelea. Tuliongea juu ya jina la chama kana kwamba ndilo lililokuwa limekumbatia jabali.

Jumatatu asubuhi nikaandika. Mikono ilikuwa yangu, na maneno niliyachagua mimi. Niliandika kwamba tulikuwa watu 43, kwamba boti zilikuwa tatu, kwamba kila mtu alivaa boya. Maboya yalikuwa machache, na mengi tuliyakalia. Kuhusu ubatizo sikuandika neno. Kisha nikaandika sentensi ambayo bado naikumbuka hadi nukta yake: "Mwanachama mmoja alijitenga na kundi bila ruhusa ya viongozi." Orodha ya majina niliichapa upya, na saini tuliziweka sisi watatu kwa kalamu tofauti, tukipokezana, mpaka zikafika 43. Pa jina lake nilitia saini mimi.

Chama kikapewa karipio la mdomo. Yeye akapewa onyo la maandishi, likaingia kwenye jalada lake.

Alinifuata maktaba siku mbili baadaye, anachechemea. Hakupaza sauti. "Kaka, mimi nilijitenga?"

Nilimwambia, "Ilibidi tukilinde chama. Wewe si umeshapona?"

Alinitazama kidogo, akaenda zake. Hakuja tena kwenye mkutano wetu wowote, na kwa miaka miwili iliyobaki tulipishana kwenye korido kama watu wasiofahamiana. Alihitimu. Sijui lile onyo lilimgharimu nini, na sina haki ya kudhani halikumgharimu kitu.

Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba tulikuwa vijana. Machi 2024 ndipo faraja hiyo iliponitoka. Tarehe 18, basi la wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya waliokuwa njiani kwenda Mombasa liligongana na lori huko Maungu, karibu na Voi, na wanafunzi 11 wakapoteza maisha. Ajali ile si kisa changu na sidai inafanana nacho. Ila usiku ule niliwawazia wazazi, kila mmoja akitaka jibu la swali moja, mwanangu alikuwemo au hakuwemo, nikaiona wazi orodha yangu ya saini za kughushi. Kama boti moja ingepinduka Jumamosi ile, mzazi wa binamu aliyelipia ufukweni angefika Kunduchi na jina la mwanawe lisingekuwepo popote duniani isipokuwa kichwani mwake.

Sasa nimeombwa kuwa mlezi wa kikundi cha wanafunzi kwenye chuo kilicho karibu na ninapofanya kazi. Mwezi uliopita viongozi wao waliniletea barua ya safari niitie saini. Ni vijana wazuri, wana bidii kuliko sisi. Nikawauliza maswali machache. Orodha iko nakala ngapi, na moja inabaki na nani nchi kavu? Nani ataita majina wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na huyo mtu atakuwa amekunywa? Mgeni akisema hataki mchezo fulani, atamwambia nani, na atakuwa salama akisema? La mwisho liliwachanganya. "Atatuambia sisi viongozi," wakajibu.

Hapo nikawaeleza habari ya maktaba, na ya sentensi ile. Binti wetu alituambia sisi viongozi, mara mbili. Mara ya kwanza nikamtuma, mara ya pili nikamnyamazisha. Siku hizi vyuo vyetu vimeanza kuwa na madawati ya jinsia, ambako mwanafunzi aliyedhalilishwa anaweza kwenda bila kupita kwa waliomdhalilisha. Natamani kila chama cha wanafunzi kiwe na mlango wa namna hiyo kwa hofu yoyote ile, iwe ya maji, ya pombe au ya ubatizo, na namba ya simu ya mtu huyo, asiyekuwa kwenye kamati na asiyepoteza kitu chama kikifutwa, isomwe kwa sauti kabla basi halijawashwa. Barua yao sikuisaini siku hiyo. Waliirudisha wiki iliyofuata ikiwa na majina na namba za ndugu wa kila mmoja. Nikaisaini.

Baada ya hapo nikaandika barua yangu. Niliipeleka katika ofisi ile ile ya mshauri wa wanafunzi, nikieleza kwamba taarifa tuliyoitoa ilikuwa ya uongo, kwamba mwanafunzi aliyeonywa hakujitenga bali alitumwa, na nikaomba onyo lile liondolewe kwenye jalada lake. Niliandika idadi ya boti, saa tulizoondoka, nani aliamua nini. Nakala nikamtumia yeye, kwa namba niliyoipata kwa mwenzake wa chumbani, nikamwomba radhi bila kumwomba ajibu.

Alijibu baada ya siku tisa. "Nimesoma. Asante kwa kuandika. Ila boti zilikuwa nne, si tatu. Niliziona zote zikiondoka, nilizihesabu."

Nikampigia simu aliyekuwa mhazini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema ndiyo, palikuwa na boti ya nne, waliyoikodi wale waliochelewa, na nahodha wake alimlipa yeye mwenyewe kwa zile noti za mfukoni. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeiamini taarifa yangu ya uongo.

Jioni hiyo nikaandika barua ya pili kurekebisha ya kwanza. Mahali pa idadi ya boti nimeandika nne. Mahali pa idadi ya watu nimepaacha wazi.