Daftari la Mvua

Chini ya milima ya Usambara, upande wa Muheza, palikuwa na shule ya msingi juu ya kilima kidogo. Mbele yake yalikuwako mashamba ya mihogo na minazi, na nyuma yake milima ilipanda mpaka mawinguni. Kati ya shule na kijiji cha pili ulipita mto usio na daraja. Watu walivuka kwa miguu penye kivuko cha mawe, na siku za kiangazi maji hayakufika magoti ya mtoto.

Wanafunzi wa darasa la sita la mwaka 1997 walikuwa 41. Kazi zao zilikuwa kama kazi za watoto wa shule zote. Kengele ya kwanza ilipolia walifagia uwanja, wakamwagilia miche, wakajipanga mstarini, wakakaguliwa kucha na nguo, ndipo wakaingia darasani. Walisoma hesabu, Kiswahili na sayansi. Alasiri walilima shamba lao la mahindi, lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Lakini darasa hilo lilikuwa na kazi moja ambayo madarasa mengine hayakuwa nayo, nayo ni kupima mvua.

Kazi hiyo ilianza kwa ubishi. Siku moja wazee wawili walikuwa wameketi chini ya mwembe wa shule. Mmoja alinena kwamba masika ya mwaka uliopita yalikuwa makubwa, na mwenziwe akaapa kwamba yalikuwa madogo kabisa. Wakabishana mpaka wakaachana kwa hasira. Wanafunzi wakacheka. Mwalimu wao hakucheka, bali aliwaambia, "Hawa wote wawili si waongo. Kumbukumbu ya mtu huongeza na kupunguza. Sisi tutaandika."

Basi wakatengeneza kipimamvua. Walitwaa chupa kubwa, wakaitia ndani ya mkebe, na juu yake wakaweka faneli ya bati. Waliuchimbia mkebe katika uwanja ulio wazi, mbali na miti na mapaa ya nyumba, maana tawi huzuia mvua na paa huongeza matone yasiyo yake. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu alikwenda kuyamimina maji ya chupa katika bilauri ya kupimia yenye alama, akasoma, akayamwaga, akairudisha chupa mahali pake. Ilipasa iwe saa ile ile kila siku, ili kila mstari wa daftari uwe na mvua ya saa 24, isizidi wala isipungue. Siku isiyo na mvua iliandikwa 0, kwa kuwa ukame nao ni habari.

Mwalimu aliwafundisha maana ya namba zile. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Shamba lao lilikuwa na mita za mraba 200. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 ililipa shamba lile lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20. Watoto waliozoea kupandisha maji kutoka mtoni kwa vichwa vyao walishangaa sana. Mwalimu akasema, "Tone halihesabiki, lakini haba na haba hujaza kibaba." Tena akawaambia kwamba chombo chochote chenye kuta zilizosimama wima, hata kopo lililotupwa, hupokea mvua kwa kina kile kile.

Daftari lilifunguliwa tarehe 1 Machi. Masika yakapita, kipupwe kikapita. Mwezi wa Oktoba vuli ikaanza, wala haikuwa vuli ya kawaida. Mwaka ule maji ya Bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika ya Kusini, yalikuwa yamepata joto kupita desturi yake, na Bahari ya Hindi upande wa Afrika ikapata joto vilevile. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na mvuke ndio mama wa mawingu. Watu waliziita mvua zile mvua za El Niño, nazo ziliharibu barabara na madaraja mengi katika Tanzania na Kenya.

Mwalimu mkuu alipoona namba za daftari zikikua, akaweka amri. Kipimo cha asubuhi kikipita milimita 30, watoto wa darasa la kwanza na la pili wakaao ng'ambo wasiende nyumbani saa sita mpaka mtu mzima ametazama kivuko kwanza. Maana mvua ya usiku iliyonyesha huko juu milimani hukusanyika polepole katika vijito, na maji yake yaweza kufika bondeni mchana, jua likiwaka, wakati watu wamekwisha kuisahau. Tangu siku hiyo mwanafunzi wa zamu aliandika namba yake mara mbili, kwanza katika daftari, kisha juu ya kibao kilichotundikwa mlangoni pa mwalimu mkuu.

Hata siku moja ya Novemba zamu ilimwangukia kijana mmoja wa ng'ambo. Alikuwa mwenye miaka 13, mwepesi wa miguu, mlinda lango wa darasa. Usiku ule mvua ilinyesha toka jioni mpaka karibu na alfajiri, bila radi wala upepo, na katika nyumba zilizoezekwa makuti haikusikika sana. Asubuhi mbingu zilikuwa safi. Kijana yule akamshika mkono mdogo wake wa darasa la kwanza, wakavuka kivuko, na maji yalikuwa chini ya magoti.

Saa tatu ilipofika, wenziwe walikuwa wakicheza mpira wa matambara uwanjani, na pande mbili zilikuwa sawasawa. Kipimamvua kilikuwa upande wa pili wa kilima, na njia ilikuwa tope. Wenziwe wakamwita, "Lango letu liko wazi!" Akatazama tope, akatazama mpira. Akajisemea moyoni, "Mvua isiyo na radi haiwezi kuwa kubwa. Na mwandiko wa namba ni ule ule, nikienda nisipokwenda." Akafungua daftari akaandika 6. Akaandika 6 juu ya kibao, kwa mwandiko mzuri, akakimbilia langoni.

Mwalimu mkuu akapita, akaiona namba, akaenda zake.

Saa sita kengele ya wadogo ikalia. Darasa la sita lilikuwa katika somo la kusoma, na kijana aliketi karibu na dirisha. Aliwaona watoto wa ng'ambo, tisa kwa hesabu, wakishuka mteremko kwa furaha, mdogo wake akiwa wa mwisho. Karibu na njia palikuwa na kopo la maziwa lililosahauliwa na wafagiaji jana jioni, limesimama wima. Mtoto mmoja akalipiga teke. Maji yakamwagika mengi juu ya majani, na watoto wakaruka huku na huku wakicheka.

Kijana aliyajua makopo yale. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyafuta jana, yakawa makavu. Maji yaliyotoka mle yalikuwa ya vidole vitatu, si ya milimita sita.

Moyo wake ukaanza kumwenda mbio. Kwanza alijifariji kwamba pengine mtu aliyatia maji yale. Kisha akafikiri kwamba huenda mto haujajaa. Tena akafikiri juu ya wenziwe watakavyomtazama, na juu ya mwalimu aliyemwamini. Macho yake yalikuwa juu ya kitabu, asione neno hata moja. Alipoinua uso, wale watoto walikuwa wamekwisha kupotea nyuma ya migomba.

Akasimama. Mwalimu akamwuliza, "Una haja gani?"

"Mwalimu, sikwenda."

"Hukwenda wapi?"

"Kwenye kipimamvua. Ile sita nimeitunga mwenyewe."

Mwalimu hakuuliza neno la pili. Akaweka chaki mezani, akatoka mbio, na wavulana wakubwa wakamfuata. Kijana aliwapita wote.

Walipofika chini waliusikia mto kabla ya kuuona. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, yakichukua vigogo vya migomba. Mawe ya kivuko hayakuonekana tena. Wale wadogo walikuwa wameshikana mikono kama walivyofundishwa na mama zao, na mkubwa wao, mtoto wa darasa la pili, alikuwa amekwisha kuingia mpaka magotini, akipapasa mawe kwa fimbo. Nyuma yake, akishika shati lake, alisimama dada mdogo wa yule kijana.

Mwalimu akaita kwa sauti kuu, "Simameni! Msigeuke! Rudini kinyumenyume!" Kijana akajitosa majini, akamshika yule wa mbele kiunoni, na wenziwe wakamshika yeye. Wakawavuta wote tisa mpaka nchi kavu. Hakuna aliyepotewa na kitu, ila fimbo ile iliyochukuliwa na maji. Wakaitazama ikizunguka mara mbili, ikazama.

Wazazi walifika ng'ambo ya pili, wakawaona watoto wao wazima, wakapunga mikono. Kelele za mto hazikuwaruhusu kusemezana. Watoto walilala usiku ule katika nyumba za walimu, wakala mihogo ya kuchemsha, na wengi wao waliona ni sikukuu.

Mchana ule ule mwalimu alimwongoza kijana mpaka kwenye kipimamvua. Maji yalikuwamo bado, kwa kuwa hakuna aliyeyamwaga. Kijana aliyamimina kwa mikono iliyotetemeka, akasoma: milimita 46. Mwalimu akamwambia ahesabu ndoo zilizoanguka juu ya shamba la shule usiku mmoja. Akahesabu: lita 9,200, ndoo 460. Akanyamaza kimya, maana hesabu hiyo ilimfahamisha ukubwa wa kosa lake kuliko fimbo ya mtu ye yote.

Waliporudi darasani, kiranja, msichana mwenye mwandiko mzuri kupita wote, alikuwa amelishika daftari. Alisema, "Mwalimu, turuhusu tuchane karatasi hii, niandike nyingine. Daftari letu halina doa tangu Machi."

Mwalimu akawauliza wengine. Wengi waliafikiana na kiranja. Ndipo akasema, "Mkiuchana ukurasa huu, mtakuwa mmetunga namba ya pili juu ya ile ya kwanza. Mtu akilisoma daftari hili atadhani tulikwenda kila siku, na sisi twajua kwamba siku moja hatukwenda. Ikatwe kwa mstari mmoja, ili isomeke. Na kando yake iandikwe iliyo kweli, na saa iliposomwa, na jina la aliyesoma."

Kijana akaandika kama alivyoagizwa: 46, kilisomwa saa saba kasoro robo mchana. Akaweka jina lake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mpe mwingine zamu yangu. Mimi sifai."

"La," akajibu mwalimu. "Utapima wewe juma zima, na Jumamosi na Jumapili pia."

Juma lile mvua ilinyesha karibu kila siku. Kila saa tatu wenziwe walimwona akishuka katika tope, mkebe wa kufunika bilauri mkononi, na kila siku dada yake mdogo alisimama mlangoni pa darasa la kwanza akimngoja apande. Hakuna aliyemwita langoni.

Siku ya wazazi ilifanywa mwanzo wa Desemba. Kila darasa lilionyesha kazi zake. Darasa la tano lilileta mikeka na vikapu. Darasa la nne lilisoma kwa sauti. Darasa la sita lilileta mahindi ya shamba lake, na juu ya meza, peke yake, likaweka daftari la mvua, mistari 275, toka 1 Machi mpaka 30 Novemba, bila siku kurukwa.

Wale wazee wawili wa chini ya mwembe walikuwako. Mmoja alivaa miwani yake, akafunua kurasa polepole, akafika Novemba. Akaweka kidole juu ya mstari uliokatwa.

"Wajukuu zangu," akauliza, "huyu sita amekosa nini hata akakatwa?"

Darasa zima likakaa kimya. Kiranja akamtazama mwalimu, na mwalimu akatazama nje. Katika viti vya nyuma walikuwamo wazazi wa ng'ambo, na mama yake kijana miongoni mwao.

Kijana akatoka katika safu yake, akaja mezani. "Shikamoo, babu," akasema. "Huyo sita ni wangu." Akaeleza habari yote, tangu mpira mpaka kivuko, asiache neno.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi nyuma katika daftari, akasoma ukurasa mmoja, na mwingine, na mwingine. Mwenziwe akamwuliza, "Vipi, wayaamini maandiko ya watoto?"

"Kabla sijauona ule mstari," mzee akajibu, "nilikuwa na shaka. Sasa nayaamini."

Akavua miwani yake, akaomba asomewe kipimo cha kila mwezi, ili amalize ubishi wake na mwenziwe kwa mwaka ule. Kiranja akasoma, na wazee wakasikiliza.

Siku ya kufunga shule kijana yule aliiosha chupa kwa mchanga na maji, akaikausha juani, akaifuta faneli. Kisha akamwita mwanafunzi wa darasa la tano atakayeshika zamu ya kwanza, akamwonyesha njia ya kushuka, mahali penye utelezi na mahali pa kukanyaga.