Kwa Mpwa Wangu Aliyeazimia Kuing'oa Kabureta

Mombasa

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, na juma lilo hilo ikanifikia ya baba yako, ambayo haikuwa na haja ila moja: kwamba mimi, madhali ni mjomba wako na umri wangu wote nimeula chini ya boneti za magari ya watu, nikukataze kuing'oa kabureta ya ile Corolla na kuweka mahali pake nozeli na kompyuta utakayoiunga kwa mkono wako mwenyewe. Shemeji yangu ni mtu wa busara, na khofu yake ya moto na ya hasara ina asili. Walakini sikukatazi, kwani kazi hiyo ikifanywa kwa taratibu ni katika ilmu bora ambazo kijana wa leo aweza kujifundisha kwa fedha yake, na mtu aliyekwisha kununua nozeli hakatazwi kwa barua. Nitakalofanya ni kukuusia, nawe utachukua la kuchukua.

Kwanza usidhani kwamba unaanza jambo jipya. Wamarekani wa kampuni ya Bendix walikwisha kuipima petroli kwa umeme katika miaka ya 1950, na Chrysler wakautia mtambo huo katika magari machache ya mwaka 1958, lakini vijenzi vyake vya umeme havikustahimili joto wala unyevu, hata magari mengi katika hayo yakarudishiwa kabureta. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kilichoishinda ni vitu vilivyobeba hesabu hiyo. Wajerumani wa Bosch wakaishika rai ile ile, na mwaka 1967 wakatoa D-Jetronic katika Volkswagen 1600 zilizopelekwa Marekani, ambako sheria za California juu ya moshi wa magari zilikuwa zimeanza kukaza. Kisha mwanzoni mwa karne hii Bruce Bowling na Al Grippo wakaitoa MegaSquirt, kompyuta ya injini ambayo mtu hununua vipande vyake akavilehemu nyumbani kwake, na baada yao Josh Stewart wa Australia akatoa Speeduino, inayosimama juu ya kibao cha Arduino Mega na michoro yake ni halali ya kila mtu. Hii ndiyo uliyoichagua, nami naona umechagua vyema, kwa sababu siri yake haikufungwa, na kila hukumu inayotolewa na kompyuta hiyo waweza kuifuata hadi uione ilikotoka.

Hesabu yenyewe ni sahali kuliko wanavyotaka tuamini wale wanaoipigia makelele. Injini yako ni 4K, ya sentimita za ujazo 1290, kwa hivyo kila silinda ina 322 hivi. Lita moja ya hewa ya huku pwani ina uzito wa gramu 1.2 takriban, na silinda aghalabu haijai kamili, basi tuseme imejaa kwa asilimia 80, hewa iliyoingia itakuwa gramu 0.31. Petroli huungua yote pamoja na hewa yote inapokuwa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, ila injini inapobeba mzigo mzito hutaka petroli zaidi kidogo, moja kwa 13 hivi, na hapo haja ya silinda yako kwa mpigo mmoja ni gramu 0.024. Nozeli itoayo sentimita za ujazo 200 kwa dakika hulitimiza hilo ikifunguka kwa milisekunde 10, nawe kwa mizunguko 6000 kwa dakika unazo 20. Kwa hivyo zile nozeli kubwa za 550 ulizoziandika kwa fahari, mpwa wangu, zirudishe kwa aliyekuuzia. Injini inaponguruma bila mzigo zitatakiwa zifunguke kwa muda usiotimia milisekunde moja, na nozeli inayohitaji karibu muda huo huo kwa kuamka tu haiwezi kutoa kipimo cha haki.

Na hapa kuna jambo ambalo ninyi mlioko Nairobi mna haki ya kulifurahia kuliko sisi. Mji wenu umeinuka takriban mita 1700, na uzito wa hewa unaotukandamiza sisi kwa kilopaskali 101 huko kwenu ni kama 83 tu. Kabureta haina habari ya hayo: gari lililorekebishwa vizuri Mombasa likifika kwenu hunywa petroli kupita haja, likatoa moshi mweusi, na fundi wa huko akiirekebisha, litakaporudi pwani petroli itakuwa haba na injini itakuwa moto. Kompyuta inayopima mkandamizo wa hewa ndani ya manifodi hulijua jambo hili njia nzima, kutoka Mazeras hadi Athi River, pasipo kuguswa na bisibisi. Ongeza na sensa ya pili, ya kupima hewa ya nje, kwani huko juu moshi hupata wepesi wa kutoka, na silinda hujaa zaidi kidogo kuliko hesabu ya manifodi pekee inavyodhania.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kompyuta ya injini ni karani kipofu, huandika kila anachosomewa wala hana namna ya kujua kwamba amesomewa uwongo. Na katika magari haya yaliyogeuzwa, aghalabu aliyekosa si karani bali ni msomaji. Waya wa sensa ya joto la maji ukikatika, kompyuta haioni kwamba waya umekatika, huona injini iliyoganda kwa baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ikamimina petroli hata mafuta yakaoshwa kwenye kuta za silinda. Bomba la ekzosi likiwa na ufa kabla ya sensa ya moshi, ile inayopima oksijeni, hewa ya nje huingia, na sensa ikatoa ushahidi kwamba petroli ni haba. Lililo baya kupita hayo ni silinda inayomisi: plagi isipowaka, oksijeni yote hutoka kama ilivyoingia, sensa ikasema petroli haitoshi, na kijana mwenye pupa akaongeza petroli, plagi ikazidi kulowa, ikazidi kumisi, sensa ikazidi kulalamika, naye akazidi kuongeza. Nimeona watu wazima, wenye vyeti vyao, wakizunguka katika duara hilo tangu asubuhi hadi adhuhuri, na dawa ilikuwa plagi moja.

Kwa hivyo, usiliguse lile jedwali la petroli, ambamo kompyuta husoma kiasi cha kumimina, mpaka uwe umewahoji mashahidi wote mmoja mmoja. Sensa ya joto itie katika maji ya barafu na kisha katika maji yanayochemka, uone kama usomaji wa kompyuta unakubaliana na kipimajoto. Nyaya za kurudishia umeme za sensa zisifungwe bodini, bali zote zirudi kwenye kompyuta, nayo ishikwe na injini kwa waya mnene. Kwani nozeli na koili zinapovuta umeme kwa waya mbovu hubaki chembe ya volti, na chembe hiyo hujumlishwa kimyakimya katika kila kipimo. Gurudumu lako la meno 36 lililotolewa moja litakuonyesha krenki ilipo kwa kila nyuzi 10, ila sensa yake ya sumaku ina nyaya mbili, na zikigeuzwa injini itawaka vizuri tu, huku taimingi ikiteleza kadiri mizunguko inavyoongezeka. Basi iamuru kompyuta ishike nyuzi 10 bila kubadili, uimulike pulei kwa taa ya taimingi kwa mizunguko 1000 na tena kwa 3000. Alama ikihama, usitoke nje ya geti.

Fauka ya hayo, nunua sensa ya moshi kabla ya kitu kingine chochote, nayo iwe ile ya upeo mpana, maana ile ya kawaida hukwambia tu kwamba umepita mstari wa ile 14.7 na haisemi umepita kwa kiasi gani. Zamani ingekufa mapema kwa risasi iliyotiwa katika petroli yetu, lakini nchi za kusini ya Sahara ziliachana na risasi hiyo kufikia mwaka 2006. Ifunge sasa, kabureta ikiwa bado juu ya injini, uendeshe kwa muda ukiitazama, ujue injini nzima husema nini inapopanda mlima na inapoteremka.

Juu ya moto, baba yako ana haki, nami niko upande wake. Pampu ya kabureta husukuma petroli kwa baa 0.3 hivi, ya nozeli husukuma kwa 3, na mpira uliovumilia ile hauivumilii hii hata ukiufunga kwa klipu nne. Tumia mpira uliotengenezwa kwa injeksheni, laini ya kurudisha iende hadi tangini, na rilei ya pampu iwe chini ya amri ya kompyuta, ili injini ikizimika, na pampu ifuate papo hapo. Kizima-moto kiwe ndani ya gari, si stoo.

Utakapofika kwenye jedwali, anza na petroli iliyozidi kidogo, kisha upunguze. Iliyozidi kwa muda mfupi hukuaibisha kwa moshi, iliyopungua chini ya mzigo huyeyusha pistoni. Mmoja aendeshe na mwingine ashike kompyuta, wala usithubutu kufanya yote mawili peke yako katika barabara ya Thika. Na gari la mama yako la kupelekea bidhaa sokoni usilisogelee, hata akikuruhusu.

Kabla hujalehemu hata kiungo kimoja, niletee kwa barua kompresheni ya silinda zote nne, iliyopimwa injini ikiwa moto, plagi zote zikiwa nje na throto imefunguliwa hadi mwisho. Ikiwa mojawapo imepungua sana kwa wenziwe, tutazungumza habari ya ringi na valvu kwanza, na kompyuta ingoje.

Wasalaam,
Mjomba wako