Nani anakataza, na mpaka lini?

Katika fakulte yetu tunajifunza mapema kwamba kitenzi chenye njeo hakisimami bila kiambishi cha nafsi. Ninakataza, tunakataza, wanakataza: kabla ya kufika kwenye mzizi, msikilizaji amekwisha kupata habari za mtendaji. Lakini Kiswahili kina njia ya kumwondoa mtendaji huyo. Tunasema tu, "ni marufuku". Kifaransa cha ofisi nacho kina yake: "il est interdit". Nilidhani hilo ni jambo la mitihani ya sintaksia, mpaka nilipolikuta juu ya makoro, kaskazini mwa Goma.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka. Lava ilishuka kuelekea Goma, ikaunguza maelfu ya nyumba, hasa upande wa Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walikufa. Tarehe 27, wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuhama, nao wakaenda Sake, Rutshuru na ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Baada ya kurudi, wakuu wa jimbo walikataza kujenga juu ya lava mpya. Katazo hilo lina sababu nzito. Mlima huohuo ulipasuka mwaka 1977, ukapasuka tena Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Vilevile udongo wetu unatoa gesi inayoua bila harufu. Tunaiita mazuku, na wataalamu wa volkano wa dunia wamelichukua neno hilohilo katika maandishi yao.

Mama yangu mdogo alikuwa na parseli huko. Nyumba ilikuwa ya mbao, ikaisha yote. Hata mipaka ilifunikwa, hivyo yeye na majirani walipima kwa hatua na kwa kumbukumbu, wakapanga mawe kwenye pembe nne. Tangu hapo anapanga chumba kimoja yeye na watoto wanne. Alitoa garanti ya miezi mitatu, na kila mwezi anatafuta dola za mwenye nyumba.

Wakati wa likizo nilimkuta na wenye parseli wenzake wakiandaa ombi. Waliomba waruhusiwe kuweka nyumba za mbao tu, wakati katazo linaendelea, nao wangeahidi kuondoka siku watakapoambiwa. Walikuwa na karatasi ya Kifaransa yenye katazo. Mzee mmoja akanipa, akasema: "We unasomaka mambo ya luga, utusomee vizuri."

Nikasoma: ni marufuku kujenga, mpaka itakapotolewa amri nyingine.

"Amri ya nani?" akauliza mzee.

Nilitazama tena. Katika sentensi hiyo hapakuwa na nani. Mama mdogo akasema kwa Kiswahili chetu cha Goma: "Balikataza. Sasa ni banani?"

Nimekaa sana na swali hilo. Karatasi inasema "ni marufuku", lakini mama mdogo anasema "balikataza". Kiambishi chake ba- kinarudisha watu mahali walipoondolewa. Hawajui majina, ila anajua kwamba katazo halikuteremka lenyewe kama lava. Waliolitoa ni watu, na watu wanaweza kuulizwa.

Tena kuna tofauti kati ya kukataza na kusimamisha. Katazo linaweza kuwa la milele, kama kutoiba. Kusimamisha kunadai siku ya mwisho, na kunadai mtu wa kubeba uzito wakati wa kungoja. Chukudu ikisimamishwa mlimani, mzigo hautoweki, lazima mtu aushike. Katika jambo hili, mzigo umeshikwa na wapangaji wa vyumba kama mama mdogo.

Katika mkutano ule si wote waliounga mkono ombi. Kijana mmoja fundi alisema mbao ndizo zilizoungua kwanza, na kwamba nani atawaondoa watu wakishazoea? Mwingine akamjibu kwamba katikati ya Goma maduka yamesimama juu ya lava ya 2002, je, mbona wenye pesa walijenga? Wote wawili walisema kweli. Mimi siwezi kumwambia mama mdogo ajenge pale, maana sitakuwapo usiku mlima ukiamka. Lakini nilishauri ombi liongezewe maswali matatu, nao wakakubali: nani anasimamisha, mpaka lini, na waliosimamishwa wakae wapi kwa sasa?

Hata kujua pa kulipeleka ilikuwa kazi. Sheria ya 2008 inatoa baraza kwa mji, kwa komine, kwa sekta na kwa sheferi. Lakini Buhene iko katika teritware ya Nyiragongo, nje ya mpaka wa mji, ingawa mtu anayetembea kwa miguu haoni mji unapoishia. Nilipoondoka kurudi masomoni, ombi lilikuwa bado linachunguzwa.

Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Katika fakulte tunalikumbuka hilo siku za sherehe. Mimi ningependa tulikumbuke siku ambapo tangazo linabandikwa ukutani. Tungekuwa na kazi ya kuandika matangazo hayo kwa Kiswahili chenye nafsi na chenye tarehe: "Sisi, ofisi fulani, tunasimamisha ujenzi mpaka siku fulani, kwa sasa mtakaa mahali fulani." Mwandishi wa sentensi hiyo hawezi kuimaliza bila kuwa na majibu. Kama hana mahali pa kuwaweka watu, sarufi yenyewe itamwonyesha pengo kabla karatasi haijatoka ofisini.

Mama mdogo bado analipa chumba. Mawe yake manne bado yako pale.