Tano na Ishirini

Madrasani Kinna, maalim alitufundisha kuhesabu kwa Kiarabu: khamsa wa ishrin, tano na ishirini. Shuleni ni ishirini na tano. Nilichanganya, nikachapwa kotekote.

Juzi niliandika programu ya C ya kupokea vipimo vya tangi la maji. Kamati imekaa, simu inabisha hodi mlango namba 80, kimya. Kumbe kerneli inasikiliza 20480! Baiti mbili tu, zimegeuzana. Kompyuta yangu huanza na ndogo. Mtandao unataka kubwa mbele, na maktaba ya C haikugeuzii usipoiita htons. Wala hailalamiki, hapo ndipo inaponiudhi.

"Sasa maji yapo ama hayapo?" mzee mmoja akauliza.

Nikaongeza neno hilo moja. Tangi lilikuwa robo.